Kivuko Kimoja, Wenye Barabara Wengi

Barabara kuu nyingi za Tanzania zimekata vijiji katikati: shule upande huu, nyumba upande ule. Njia ya miguu iliyokanyagwa miaka nenda miaka rudi hushuka hadi ukingoni mwa lami, ikaendelea ng'ambo. Saa moja kasoro asubuhi utawakuta watoto wamesimama hapo, mkubwa amemshika mdogo mkono, wote wakirudi nyuma hatua moja kila semitrela inapopita. Hapo ndipo panapohitaji kivuko, hata kama zebra imechorwa mita mia mbili mbele.

Kabla ya kuandika barua, jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barua iliyopelekwa kusikohusika inaweza kulala mezani mwaka mzima. Ugumu ni kwamba kivuko salama kinagusa zaidi ya ofisi moja. Lami inaweza kuwa ya TANROADS, barabara ya mtaa inayoingia hapo ikawa ya TARURA, na geti la shule likawa mikononi mwa halmashauri. Kila mmoja akingoja mwenzake aanze, hakuna kinachojengwa.

Kikao cha kuwakutanisha kipo, nacho ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa. Ili ifike huko, hoja yenu huanzia chini: mkutano wa kijiji au mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha baraza la madiwani. Hakikisheni mtendaji ameiandika kwenye muhtasari, maana bila muhtasari diwani hana cha kushika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na mipango hupangwa miezi mingi kabla, hivyo hoja ya Mei imeshachelewa. Ipelekeni Septemba au Oktoba. Kama barabara ni mpaka wa kata au halmashauri mbili, madiwani wa pande zote wapeleke ombi moja.

Fedha nazo zichangwe. Rangi, alama na matuta ni kazi za barabara, na matengenezo ya barabara hulipiwa na Mfuko wa Barabara unaotokana na tozo ya mafuta. Halmashauri inaweza kutumia mapato ya ndani kuhamisha geti la shule litazame barabara ndogo. Mfuko wa Jimbo upo kwa miradi midogo inayoibuliwa na wananchi. Wananchi nao wanaweza kuchangia mawe, mchanga na nguvu kazi kwenye njia ya kukifikia kivuko. Tuta la kujijengea wenyewe juu ya lami msijenge: halina alama, na usiku bodaboda hulivaa kichwa kichwa.

Jambo ninalowasihi mlisimamie kuliko yote ni mwendo wa magari. Mtoto akitembea mita moja kwa sekunde, lami ya mita 7 humchukua sekunde 7. Kwa muda huo gari la kilomita 80 kwa saa limeshakwenda karibu mita 156. La kilomita 30, mita 58 tu. Rangi peke yake haimpunguzi dereva mwendo. Ombeni zebra pamoja na matuta, rasta za kumshtua mapema, na vibao vya kilomita 30. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliotumia matuta, njia za kando na kuhamisha mageti ya shule, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya miji yake, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Kwenye shule husika majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo. Vifaa vyake ni vya kawaida, na wahandisi wetu wanavijua.

Daraja la juu ni ghali, na mzee mwenye mzigo au mama mwenye mtoto mgongoni huona ngazi akapita chini. Liombeni pale tu barabara ina njia nyingi.

Mkikubaliwa, iandikwe pia nani atapaka rangi upya, kwa fungu la nani, na kila baada ya muda gani. Zebra iliyofutika humfanya mtembea kwa miguu aamini ulinzi ambao dereva hauoni.