Mume au Mke Mgeni: Ni Lini Aombe Uraia wa Kenya?

Katika maeneo ya mpakani ya Kaunti ya Kwale, kama vile Lunga Lunga na Vanga, ndoa kati ya Wakenya na majirani wa Tanzania ni jambo la miaka mingi. Mke ametoka Tanga, mume ni wa hapa, watoto wanasoma hapa na shamba liko hapa. Swali linalobaki nyumbani ni lini mwenzi huyo mgeni aombe kuwa Mkenya. Akikimbilia mapema, ombi lake halitafaulu. Akikawia mno, nafasi inaweza kumpita.

Miaka 7 huhesabiwa kuanzia wapi?

Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyekuwa katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Haki hii ni ya wake na waume. Chini ya Katiba ya zamani, mke mgeni pekee ndiye aliyeweza kusajiliwa kwa sababu ya ndoa.

Hesabu huanza siku ya ndoa, si siku ya kuvuka mpaka. Kwa mfano, mama aliyehamia Kwale mwaka wa 2015 na kufunga ndoa Aprili 2019 anatimiza miaka 7 Aprili 2026, si 2022.

Ndoa yenyewe lazima iwe imefungwa chini ya sheria inayotambuliwa nchini, iwe ilifungwa Kenya au nje. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe: za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kiserikali na za kimila. Waliooana bila kupata cheti wasingoje mwaka wa saba ndipo waanze kukitafuta.

Masharti mengine

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka pia kwamba:

• mume na mke wawe wanaishi pamoja wakati ombi linapowasilishwa;
• ndoa isiwe ilifungwa kwa nia ya kujipatia uraia au kibali cha uhamiaji;
• mwombaji asiwe amewahi kufukuzwa nchini au kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku;
• mwombaji asiwe amewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi.

Anayepata uraia kwa udanganyifu au kwa kuficha ukweli anaweza kupokonywa.

Kabla ya miaka 7 kutimia

Ndoa peke yake si kibali cha kuishi nchini. Mwenzi mgeni anahitaji kibali halali, na ahakikishe hakipitwi na muda. Baada ya miaka 3 ya ndoa, anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Hadhi hiyo inamwezesha kuishi nchini bila kubadili uraia wake.

Familia isiwe na hofu juu ya watoto. Mtoto ambaye mama au baba yake ni raia wa Kenya siku anapozaliwa ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje ya nchi.

Kwa nini asikawie?

Sababu ya kwanza ni sharti la kuishi pamoja. Wanandoa wakitengana kabla ya kuomba, njia hii hufungwa hata kama walikaa miaka 10. Aliyekwisha kusajiliwa hapotezi uraia kwa talaka, kwani Kifungu cha 13 kinamlinda. Wajane wana kifungu chao katika Sheria ya 2011, kwa hiyo aliyefiwa asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Sababu ya pili ni ardhi. Chini ya Kifungu cha 65, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kwa nini apime kwanza?

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mtanzania anayechukua uraia wa Kenya kwa hiari yake hupoteza wa kwao. Mwenye urithi au wazazi wa kutunza ng'ambo ya mpaka azungumze na jamaa zake kwanza. Akiona hasara ni kubwa, ukaaji wa kudumu unaweza kumtosha. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa utaratibu wake.

Maombi hupelekwa wapi?

Uraia ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Maombi hufanywa kwa Idara ya Huduma za Uhamiaji kupitia eCitizen, na ada hulipwa huko huko. Serikali ya Kaunti haitoi uraia, wala hakuna chifu au wakala anayeweza kuuza. Anayedai pesa mkononi ili kuharakisha ombi asipewe.

Jipime

1. Je, mnacho cheti cha ndoa, na tarehe iliyoandikwa ni ipi?
2. Je, kibali cha mwenzi mgeni bado ni halali?
3. Je, mnaishi pamoja, na mnaweza kuthibitisha hivyo?
4. Je, nchi yake inaruhusu uraia wa nchi mbili?

Familia yenye majibu ya maswali haya manne, na ambayo ndoa yake imetimiza miaka 7, haina sababu ya kungoja zaidi.