Wagoti na Dola ya Rumi

Mwezi huu na tutazame habari za Wagoti, kwa maana ndani yake twaona jinsi dini, serikali na vita vilivyofungamana siku zile.

Mwaka 376 Wagoti wengi walifika ukingoni mwa mto Danube, wakikimbia mbele ya kabila la Hun. Wakamwomba Kaisari Valens ruhusa ya kuvuka. Akakubali kwa furaha, akitumaini kupata askari wapya. Lakini maakida wake, Lupicinus na Maximus, waliiona njaa ya wageni hao kuwa njia ya kujitajirisha. Ammianus, aliyekuwa askari wa Kirumi zamani zile zile, asimulia kwamba walikusanya mbwa, wakawauza kuwa chakula, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Hata watoto wa wakuu wa Wagoti wakachukuliwa. Na Kaisari wao alikuwa Mkristo aliyebatizwa!

Wagoti wakaasi. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople (ndio Edirne ya leo, katika nchi ya Uturuki), Valens akaingia vitani bila kumngojea Gratian, mwana wa ndugu yake, aliyekuwa njiani na jeshi. Theluthi mbili za askari wake wakaangamia. Naye akafa, wala maiti yake haikuonekana.

Wagoti hao walikuwa na askofu wao, Wulfila, ambaye mababu zake walikuwa mateka Wakristo kutoka Kapadokia. Aliwatungia herufi, akafasiri Biblia kwa lugha yao. Ila vitabu vya Wafalme, yasemekana, aliviacha, kwa kuwa watu wake walipenda vita hata bila kuchochewa. Twaweza kucheka kidogo, walakini kila mwalimu aijua taabu ya kuchagua somo.

Tena Wulfila, kama Valens, alifundisha ya kuwa Mwana yu chini ya Baba. Mwaka 380 Kaisari Theodosius akaamuru watu wote washike imani ya Nikea. Wagoti wengi wakadumu katika ile waliyopokea kwanza. Basi Alaric alipouteka mji wa Rumi mwaka 410, walioingia walikuwa Wakristo, ila si wa ungamo moja na wenyeji. Wakateka nyara siku tatu. Lakini waliokimbilia makanisa ya Petro na Paulo wakaachwa hai. Wapagani wakanung'unika kwamba mji umeanguka kwa kuwa miungu ya kale imeachwa, na kwa ajili ya neno hilo Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika, akaanza mwaka 413 kuandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu.

Nakala ya Injili za Kigoti, iliyoandikwa kwa wino wa fedha, ingali imehifadhiwa Uppsala, katika nchi ya Uswidi.