Fedha Zitolewazo Bila Masharti na Familia ya Mwenye Duka Kijijini

Shilingi haikai mahali pamoja. Aliyopewa mkulima leo, kesho itakuwa mkononi mwa fundi, na keshokutwa katika sanduku la mwenye duka. Jambo hili hujulikana kwa kila mtu, lakini kulipima si kazi nyepesi. Makala haya yanaeleza jinsi lilivyopimwa nchini Kenya, na yale yanayofunuliwa na vipimo hivyo juu ya familia yenye biashara ndogo kijijini.

Maana ya ruzuku bila masharti

Ruzuku ya fedha bila masharti ni fedha taslimu ambazo kaya maskini hupewa bila kudaiwa izirejeshe, na bila kuamriwa izitumie kwa jambo gani. Hutofautiana na mkopo, ambao hurudishwa, aghalabu pamoja na riba. Hutofautiana pia na ruzuku yenye masharti, ambayo humtaka mzazi, kwa mfano, ahakikishe kwamba watoto wanahudhuria shule na kliniki.

Sasa tuchukue familia moja ya mfano. Mama ana duka dogo na mashine ya kusaga nafaka, mumewe hulima, watoto wao watatu wako shuleni. Nyumba yao imeezekwa kwa mabati, na kwa hiyo haimo katika orodha ya kaya maskini. Ruzuku inapofika kijijini, jirani mwenye nyumba ya nyasi hupokea, nao hawapokei kitu. Je, familia hii itanufaika au itadhurika?

Majibu mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba fedha zikiongezeka na bidhaa zisiongezeke, bei hupanda. Hapo asiyepokea ruzuku huumia, kwa kuwa hununua kwa bei ya juu kwa pato lile lile. La pili ni kwamba wanunuzi wakiongezeka, biashara huamka na pato la mwenye duka hukua. Majibu yote mawili yana mantiki. Lipi ni kweli ni jambo la kuamuliwa kwa vipimo.

Jaribio la Siaya

Vipimo hivyo vilifanyika katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 2014, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya zaidi ya 10,500. Kila kaya ilipata kiasi cha dola 1,000 za Marekani, yaani shilingi 87,000 za Kenya kwa thamani ya wakati ule. Fedha zililipwa kwa awamu tatu kwa njia ya simu, na zilikuwa sawa na takribani robo tatu ya matumizi ya kaya kwa mwaka. Waliostahili ni wale waliokuwa na nyumba za nyasi. Utafiti uliongozwa na Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Econometrica.

Mpango wa jaribio wenyewe unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa sayansi. Watafiti walichukua vijiji 653, wakaamua kwa kura vijiji vipi vipate fedha na vipi viwe vya kulinganishwa. Kwa nini hawakupiga kura kati ya jirani na jirani wa kijiji kimoja? Kwa sababu fedha za aliyepokea zingefika kwa jirani yake kupitia dukani na sokoni, na huyo wa kulinganishwa angekuwa naye ameguswa na ruzuku. Kulinganisha watu hao wawili kungekuwa sawa na kupima athari ya mbolea katika matuta mawili yaliyomwagiwa maji ya mfereji mmoja wenye mbolea ndani yake. Hata vijiji jirani huambukizana. Ndiyo maana watafiti walipiga kura nyingine kwa maeneo: katika baadhi ya maeneo theluthi mbili za vijiji zilipata fedha, na katika mengine theluthi moja tu. Kwa kulinganisha maeneo hayo waliweza kupima yale yaliyovuka mipaka ya kijiji.

Matokeo yalielekea jibu la pili. Matumizi ya kaya zisizopokea ruzuku yaliongezeka kwa karibu asilimia 13, na ongezeko la pato lao lilitokana hasa na mishahara na vibarua. Mauzo ya biashara yalikua sana. Bei nazo zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu.

Siri ya mashine iliyokaa bure

Kwa nini bei hazikupanda? Jibu limo katika chumba cha mashine ya kusaga. Tuseme mashine ya mama yule ina uwezo wa kusaga madebe 60 kwa siku, lakini wateja huleta madebe 20 tu. Saa nyingi mwendeshaji huketi mlangoni akisubiri. Kila debe humpatia mama shilingi 50, na dizeli ya debe moja hugharimu shilingi 15. Mwendeshaji hulipwa shilingi 400 kwa siku. Basi faida ni:

(20 × 35) − 400 = shilingi 300.

Wateja wakifikisha madebe 30, ujira haujabadilika:

(30 × 35) − 400 = shilingi 650.

Kazi imeongezeka kwa nusu tu, lakini faida imezidi maradufu, na bei ya kusaga haikupandishwa hata senti moja. Uwezo uliokuwa umelala ndio ulioamshwa. Tarakimu hizi ni za mfano. Katika biashara halisi, sehemu ya mapato huenda kwa wafanyakazi, na huko Siaya malipo ya kazi yaliongezeka kwa kiasi kikubwa, ilhali wenye biashara hawakuwekeza sana katika mitambo mipya.

Hesabu ya kizidishi

Tuseme mpokeaji amlipa fundi wa kijijini shilingi 100. Fundi hutumia asilimia 60 ya fedha hizo kwa majirani, yaani shilingi 60. Asilimia 40 huenda mjini kwa kununua sukari au saruji, au huwekwa akiba. Aliyepokea 60 naye hutumia 36 papo hapo, na kadhalika:

100 + 60 + 36 + 21.6 + … = 100 ÷ (1 − 0.6) = 250.

Huu ni mfululizo wa kijiometri. Uwiano wa jumla ya pato kwa fedha za mwanzo huitwa kizidishi, na hapa ni 2.5. Huko Siaya watafiti walikisia kizidishi kilicho karibu na 2.5, ingawa wao hawakutumia mfululizo huu. Walipima matumizi na mapato ya kaya na biashara zenyewe.

Tahadhari

Matokeo haya hayapaswi kuhamishwa kila mahali bila kufikiri. Nchini Ufilipino, ambako ruzuku ilikuwa na masharti, katika vijiji vya mbali vilivyokuwa na wapokeaji wengi, bei ya mayai na samaki wabichi ilipanda, na udumavu uliongezeka miongoni mwa watoto wa kaya zisizopokea. Mashine iliyokaa bure huanza kazi siku ile ile, lakini kuku hatagi zaidi kwa sababu wanunuzi wameongezeka. Mahali penye barabara mbovu na bidhaa ziozazo upesi, familia isiyo katika orodha yaweza kulipa gharama ya msaada wa jirani. Kwa hiyo, kabla ya kugawa fedha, yafaa ichunguzwe ni uwezo gani umelala mahali hapo, na ni bidhaa gani haziwezi kuongezeka kwa haraka.

Maswali

1. Tafuta faida ya mashine ya kusaga iwapo wateja wataleta madebe 40 kwa siku.
2. Tafuta kizidishi iwapo wanakijiji hutumia kwa majirani asilimia 25 tu ya pato lao. Eleza sababu ya tofauti na mfano uliotangulia.
3. Taja biashara tatu za mahali unapoishi. Ipi ina uwezo uliolala, na ipi ingepandisha bei wateja wakiongezeka ghafla?