Jino Bovu na Tikiti ya Bei Nafuu

SWALI: Nimepata tikiti ya ndege ya bei nafuu kutoka Maskati kwenda Unguja, nami nina jino lililotoboka. Je, niakhirishe matibabu mpaka nifike, nisije nikazidisha gharama?

JIBU: La, ndugu yangu, usiakhirishe. Ndege ipaapo, mgandamizo wa hewa ya ndani hupungua hata abiria akawa kama mtu aliyekaa juu ya mlima wa mita zipatazo 2,000. Na hewa iliyonaswa katika tundu la jino, au chini ya dawa ya kuzibia iliyolegea, hutanuka ikausonga mshipa wa fahamu, yakazuka maumivu makali ambayo marubani wa Vita Vikuu vya Pili waliyajua barabara. Mafuta ya karafuu, ambayo wazee wetu huyatia katika pamba na kuibana jinoni, hutuliza kwa muda tu, wala hayaondoi maradhi. Tena tikiti rahisi aghalabu hairejeshewi fedha, na kubadili tarehe kuna malipo yake. Jino likikuzidia usiku wa kuamkia safari, utalipa mara mbili. Basi mwone tabibu wa meno majuma mawili kabla, na akikung'oa, muulize ungoje siku ngapi ndipo upande ndege.