Ukulele na kiangazi cha Ufipa

Ukulele iliyokaa dukani Dar es Salaam imezoea hewa ya bahari. Ukiileta Mazwi, huku Rukwa, mwezi Juni, imepanda mita 1,800 hivi na kukutana na upepo mkavu wa Ufipa, ambao mvua zikishakatika hukausha kila kitu hadi midomo. Ubao wa mbele wa chombo hiki una unene wa milimita mbili tu au pungufu. Unapopoteza maji husinyaa kwa upana, lakini kingo zake zimegundishwa. Ukizidi kuvutwa, unapasuka kufuata nyuzi za mti.

Dalili huanza mapema. Pitisha kidole pembeni mwa shingo. Ukihisi ncha za vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo zikikukwaruza, ujue shingo imesinyaa na vyuma vimebaki na urefu wake. Hapo bado unaweza kuiokoa. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu juu, weka ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe hata tone, kisha kifungie pamoja na ukulele ndani ya mkoba wake. Sponji ikikauka, rudia. Kama una kipimo cha unyevu, lenga asilimia 45 hadi 55. Usimwagie wala kupangusia maji kwenye mbao.

Adui mwingine ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi ya Julai kila mtu hulisogelea, na ukulele huachwa imeegemea ukuta papo hapo. Iweke mbali, na usiitundike ukuta unaopigwa jua la mchana. Gari lililofungwa juani ni baya zaidi, kwa sababu joto hulainisha gundi na daraja linalobeba nyuzi hung'oka.

Masika yakija, mambo hugeuka: mbao hunywa unyevu, kifua, yaani ubao wa mbele, huvimba na nyuzi hupanda juu ya shingo. Toa sponji. Anayeteremka Kasanga ziwani naye ategemee kulinganisha nyuzi upya akifika.

Kabla ya kununua, chungulia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona tabaka kama za andazi la kukunja, hiyo ni plaiwudi. Sauti yake ni fupi kidogo, lakini huvumilia kiangazi, nami humshauri mwanafunzi aanze nayo. Mistari ya mti ikipita kutoka juu hadi ndani ya ukingo, ni ubao mzima, wenye sauti nzuri na unaodai uangalizi.

Chombo hiki kilizaliwa Hawaii baada ya mafundi seremala kutoka kisiwa cha Madeira kushuka Honolulu mwaka 1879 wakiwa na vigitaa vyao. Walitumia koa, mti wa huko, ndugu wa miwati inayopandwa Njombe. Sisi tuna mninga. Maseremala wetu wanaupenda kwa milango na vitanda kwa sababu ukishakauka hausinyai wala kujipinda ovyo, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa kwenye mgongo na mbavu za ukulele. Mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, hufanya zumari za Ulaya; kwetu ungefaa ubao wa vidole, maana hauliki upesi. Kwa kifua tafuta mbao nyepesi yenye mistari iliyobanana. Misindano iliyokua haraka ina mistari mipana, na mafundi wengi huiepuka. Fundi akikutengenezea, muulize mbao imekaa kivulini muda gani. Ikiwa mbichi, itapasuka hata kama ni mninga. Na avae kitambaa puani anapoupiga msasa, kwani vumbi lake humwasha mtu kifuani.

Kwa usafi, kitambaa kikavu kinatosha. Mafuta ya alizeti yaliyojaa Rukwa yasiguse shingo, maana huganda na kunata. Mara mbili kwa mwaka, tia tone la mafuta ya watoto kwenye ubao wa vidole, ufute yaliyobaki.

Usifunge kamwe waya wa chuma. Daraja limeundwa kwa nyuzi laini, na waya utaling'oa au kupinda kifua. Uzi ukikatika na maduka hayana, mshipi wa nailoni wa wavuvi hufanya kazi, wa milimita 0.5 hadi 0.8 kulingana na uzi. Ukaze polepole kwa siku kadhaa, kwani utaendelea kulegea hadi utulie.