KUMPIMA MGENI SI KUMFUKUZA

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, wageni huja kila siku. Wengi hutoka mashambani, kama vile Kakamega, Kisii na Machakos, ili kutafuta kazi. Wengine hutoka nje ya nchi, kama vile Kongo, Rwanda na Burundi, kwa sababu ya vita na taabu za kwao. Mtu afikapo hupokewa na ndugu yake au mtu wa kwao, akapewa mahali pa kulala katika chumba ambacho mara nyingi ni cha futi 10 kwa 10, pamoja na baba, mama na watoto.

Ukarimu huo ni jambo jema, wala haufai kuachwa. Lakini ikiwa mmoja wao ana ugonjwa wa kifua kikuu naye hajui, chumba hicho chaweza kuwaambukiza wote. Kwa hiyo yafaa mgeni na mwenyeji wajue maana ya kupimwa.

JINSI UGONJWA UENEAVYO

Kifua kikuu hakiletwi na uchawi, wala si urithi wa ukoo. Huletwa na vijidudu ambavyo Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza kuvigundua tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa akikohoa, vijidudu hutoka pamoja na pumzi na kuelea hewani. Mahali penye upepo na mwanga wa jua hutawanyika na kufa. Katika chumba kilichofungwa hukaa saa nyingi. Kushikana mikono na kula sahani moja hakuambukizi kifua kikuu.

Si kila aingiwaye na vijidudu huugua. Kwa watu wengi vijidudu hulala mwilini bila kudhuru. Lakini huweza kuamka baadaye, hasa mwili ukiwa dhaifu kwa njaa au kwa virusi vya Ukimwi. Watoto wadogo wamo hatarini kuliko wengine. Chanjo ya BCG wapewayo wakiwa wachanga huwakinga na aina kali za ugonjwa huu, lakini haiwezi kuuzuia kabisa.

NANI ANGOJAYE MLANGONI?

Mkimbizi aliyekubaliwa kwenda kukaa Marekani hutakiwa kupimwa kabla ya kusafiri. Mwenye umri wa miaka 15 au zaidi hupigwa picha ya kifua, na ikionyesha shaka, makohozi yake huchunguzwa kwa majuma kadhaa. Uingereza nayo hutaka cheti cha kifua kikuu kwa mtu atokaye Kenya kwenda kukaa huko zaidi ya miezi 6. Basi atokaye Nairobi kwenda mbali hupimwa, lakini ashukaye basi leo akielekea Kibera hakuna daktari amngojaye kituoni.

Wala isidhaniwe kwamba ugonjwa huletwa na wageni peke yao. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100,000 wagonjwa walikuwa 558, na wapata wanne katika kila kumi walikuwa hawajagunduliwa. Mgeni mwenye afya naye huweza kuambukizwa na mwenyeji wake. Kwa hiyo wote wapimwe.

Mlango wa kwanza wa kupima ni nyumbani. Yako maswali manne yasiyohitaji chombo chochote: Je, unakohoa? Je, una homa? Je, unatoka jasho jingi usiku? Je, umekonda bila sababu? Ajibuye "ndiyo" hata kwa swali moja na aende kituo cha afya. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 katika nchi nzima, kazi ya kupita nyumba kwa nyumba imepata nguvu mpya.

KUPIMWA NA KUTIBIWA

Kituoni mgonjwa hutoa makohozi katika kikopo. Mashine iitwayo GeneXpert huweza kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na kuonyesha pia kama vijidudu vimeizoea dawa kubwa ya rifampisini. Katika vituo vya serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Matibabu ya kawaida ni ya miezi 6. Zamani yalikuwa ya miezi 18. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1972, yalisaidia kuthibitisha kwamba miezi 6 yatosha.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Mathalan, kijana ameanza dawa kwao mashambani. Baada ya miezi miwili kikohozi kimekoma, naye apanda basi kwenda Kawangware kutafuta kibarua. Haaga kituoni, wala hachukui kadi yake. Vijidudu vilivyobaki hupata nguvu tena, na huenda vikazizoea dawa, hata matibabu yakawa magumu na marefu zaidi. Kumbe angaliomba barua ya uhamisho, angaliendelea na dawa zile zile Nairobi bila kukosa hata siku moja.

HOFU NI RAFIKI WA UGONJWA

Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya serikali. Mtu aonapo kwamba kutaja ugonjwa ni kupoteza nyumba na mali, hujifunza kuficha. Vivyo hivyo leo, mpangaji akijua kwamba mwenye nyumba atamfukuza, au mkimbizi akidhani kwamba kadi ya hospitali itampeleka kwa polisi, atakohoa kimya kimya gizani, na watoto watavuta pumzi ile ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika chumba kimoja haumbuliwi peke yake.

Amfukuzaye mgonjwa hauondoi ugonjwa. Huupeleka chumba kingine. Lakini mgonjwa anywaye dawa zinazomfaa, kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi hatari yake ya kuambukiza hupungua sana. Aliyeanza dawa ni salama kwa jirani kuliko asiyepimwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mgeni afikapo, mwulize habari za safari na habari za kifua chake, nawe umweleze za kwako.

2. Fungua dirisha na mlango mchana. Hewa safi hainunuliwi.

3. Uhamapo, chukua kadi na barua ya uhamisho.

4. Mmoja akionekana mgonjwa, wote wa chumba kile wapimwe, watoto kwanza.

5. Usimfukuze mgonjwa. Mpeleke kituoni, na umkumbushe dawa mpaka miezi itimie.