Matembezi Yameisha, Chupa Je?

Swali: Mtaa wetu hapa Kinondoni unaandaa matembezi ya hisani. Mwenyekiti wa mtaa amesharidhia. Kuna kibali kingine?

Jibu: Ridhaa yake ni mwanzo tu. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura 322, inawataka mtoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, mkitaja mahali, muda na dhumuni. Msingoje hadi ukingoni. Barua ikirudishwa irekebishwe, mmekwama. Uwanja ombeni manispaa, na hapohapo ulizeni taka zitazolewa na nani. Chupa hazitupwi penye meza ya maji: mtu hunywa akitembea, kwa hiyo viroba viwekwe mbele kidogo. Na wazoa taka, jamani, nusu ya malipo wapeni uwanja ukishakuwa safi.